Duara Si Koki

4 Februari

Wifi yangu,

Hujambo? Na kazi ya posta inakwendaje? Mimi sijambo kiasi. Mgongo ndio unalalamika, maana kwenye chumba cha pasi pale dobi tumebaki wanawake watatu na mashuka ya hoteli hayapungui hata siku moja.

Najua umeuona mwandiko huu ukataka kuitupa barua. Isome kwanza, kutupa utatupa baadaye. Mwaka wa pili huu tangu tumzike kaka yako, na hatujasemezana. Mwezi uliopita nilikupigia simu mara nne, hukupokea. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingepokea pia.

Nimekipata kinanda.

Katika mkoba wake wa kazi kulikuwa na kipande cha bomba la plastiki, urefu wa shubiri moja, kina vifuniko huku na huku. Nilidhani ni bomba kama mabomba yake mengine yote, nikakifanya cha kuzuilia mlango wa jikoni usijibamize. Miaka miwili nakipiga teke kila asubuhi. Juzi kifuniko kimoja kikafyatuka, kikatoka kitambaa, na ndani ya kitambaa kinanda chake cha mdomo, kikavu, kinang'aa. Fundi bomba aliogopa maji ya kazini yasikifikie, akakijengea nyumba.

Nilikaa sakafuni. Nikaikumbuka siku ile ya msiba, nilivyosimama mbele ya watu nikasema kinanda cha mume wangu kimeibiwa, nikaushika mkoba wako nikaumwaga kitandani. Zikatoka leso, miwani, kichupa cha dawa. Ukazoa vitu vyako ukaondoka. Wifi, nilikukosea vibaya sana. Nisamehe. Hata usipojibu, nilitaka uwe na neno hilo kwa maandishi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unaujua wimbo wake, ule aliokuwa akiupiga jioni akirudi, kuanzia kona ya duka la vioo mpaka mlangoni kwetu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napiga pasi, nikataka kuuimba kimoyomoyo, nikaukosa. Nikatafuta siku nzima. Umekwenda. Sura yake ninayo kwenye picha, lakini wimbo sina pa kuutazama, na hakuna mwingine aliye hai anayeujua isipokuwa wewe.

Kwa hiyo nataka kujifunza kukipiga. Ndiyo, mimi, na miaka hamsini na sita. Ndani ya bomba kulikuwa pia na karatasi yenye namba kwa mwandiko wake. Inaanza 7, 6, 5, halafu 5 nyingine imezungushiwa duara, halafu 5, 6, na kuendelea. Namba ni matundu, hilo nimelielewa. Na duara, mke wa fundi bomba haambiwi duara ni nini: kwenye michoro yake yote duara ni koki. Kwa hiyo nikifika kwenye duara nafunga mdomo, nahesabu moja mbili, naendelea. Lakini wimbo hautoki. Kinachotoka ni mtu mwenye kwikwi.

Nisaidie.

Wifi yako, kama bado unaniita hivyo

1 Machi

Salamu zimefika. Mimi mzima.

Barua yako niliichambua mwenyewe. Siku hizi siko kaunta, niko chumba cha nyuma, nagawa barua kwenye visanduku vya mitaa. Nikauona mwandiko wako na jina langu. Nikaitupia kwenye kisanduku cha mtaa wangu nikasubiri iletwe nyumbani kama ya mtu mwingine. Ilipoletwa niliiweka juu ya kabati wiki tatu.

Sikuwa na nia ya kujibu. Habari ya msamaha iache hapo ilipo kwanza, nitaifikia nikiwa tayari. Lakini nimeshindwa kuvumilia habari ya koki.

Duara si koki. Duara ni kuvuta. Kinanda cha mdomo kina sauti ukipuliza, na kina sauti nyingine katika tundu lilelile ukivuta pumzi ndani. Namba tupu, puliza. Namba ya duara, vuta. Uliishi na mpigaji miaka ishirini na tisa ukidhani anapuliza tu? Angekuwa anapuliza tu angeanguka kwenye kona ya duka la vioo.

Ni hayo.

Dada wa marehemu

9 Machi

Wifi,

Umeamkaje huko? Mimi nimeamka na midomo imevimba, lakini kwa sababu nzuri.

Umenichekesha na habari ya kisanduku. Na kuhusu kuvuta, kweli sikujua. Nilikuwa ndani namsikia, sikuwahi kutoka nikamtazama kifua. Inashangaza mtu anavyoweza kukaa na jambo mlangoni kwake kila jioni asiliulize.

Nafanya mazoezi kwenye stoo ya mashuka saa ya chai. Nikikaa katikati ya marobota sauti haiendi mbali, au ndivyo nilivyodhani. Siku ya tatu fundi wa boila aliingia na spana mkononi, anatafuta mvuke unaovuja. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama, akatazama kinanda, akasema afadhali ingekuwa boila, kwani boila anaijua dawa yake.

Kila ninachojifunza kinazaa swali. Mbona nikilenga tundu moja yanalia matatu? Nimegundua midomo inabidi iwe kama ya mtu anayenyonya mrija. Mbona kichwa kinazunguka? Kwa sababu nilikuwa navuta kama naenda kupiga mbizi, kumbe pumzi ndogo tu inatosha, ile ya mtu aliyekaa hana habari. Msimamizi wetu anasema tangu nianze sikohoi na ule mvuke kama zamani. Sijui kama ni kweli au ananipa moyo.

Lakini wimbo bado si wenyewe. Maduara sasa nayavuta, namba zote nimezifuata, ila unaotoka ni wimbo wa mtu mwingine. Tena ukianza unashuka, kama mtu anayeteremka kwenda kisimani. Sina hakika wa kwake ulianzaje. Ndiyo maana nakuomba: Jumamosi saa nne asubuhi nitakupigia simu. Usiseme kitu kama hutaki. Pokea tu, nipige, usikilize, ukate.

Wifi yako, mwenye midomo ya kuvimba

30 Machi

Wifi,

U hali gani? Mimi mwili hauna neno. Masikio ndiyo yana maneno, na hayo ndiyo nataka kukueleza.

Niliona Jumamosi ile simu inawaka. Sikupokea, na zile mara nne za kwanza sikupokea, na wala haikuwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, sitakuficha, lakini simu ni jambo jingine. Sikio langu la kushoto limekufa. La kulia linafuata. Kwenye simu nasikia mchanga tu. Kile kichupa ulichokimwaga kitandani kilikuwa dawa ya masikio. Ndipo lilipokuwa linaanza. Kaunta walinitoa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anaomba stempu tatu, mimi nampa fomu ya kifurushi.

Watu wachache wanajua. Mtu akikosa kusikia watu wanamwona amekosa akili, wanaanza kuzungumza na aliyekuja naye.

Mtu akiwa mbele yangu, upande wa kulia, sauti ya juu, bado napata. Daktari hakuniambia muda, aliinua mabega tu. Kwa hiyo nami nina shida yangu kwenye huo wimbo. Ulikuwa wa baba yetu kabla ya kuwa wa kaka. Ningependa kuusikia mara moja. Jifunze, uje uupige hapa karibu na sikio la kulia. Na fanya haraka kidogo.

Wimbo wenyewe hauanzi kwa kushuka. Unapanda, ngazi tatu, unanyoosha shingo ngazi ya nne, ndipo unarudi chini. Hilo nina hakika nalo kuliko namba ya nyumba yangu. Hebu tazama vizuri unachofanya.

Wifi

6 Aprili

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na pole ambayo sijui niiandikeje. Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilikuwa nimeshajiambia hupokei simu kwa kiburi, nikakaa na hilo neno kichwani mwezi mzima. Mkoba wako niliumwaga, dawa yako niliiona kwa macho yangu haya, na sikuuliza ni ya nini. Naona aibu.

Nimeongeza mazoezi. Asubuhi kabla ya kazi, saa ya chai, na jioni nikirudi. Jirani wa juu amegonga sakafu mara mbili. Mara ya tatu aligonga kwa kufuata mdundo, nikajua tunaelewana.

Umesema unapanda. Wangu unashuka. Umesema ngazi tatu, na mimi nina namba tatu: 7, 6, 5. Hebu fikiri na mimi. Nimekishika kinanda kama inavyotakiwa, upande wenye nakshi ya ua juu, sauti nzito kushoto, nikahesabu tundu la kwanza kutoka kushoto. Saba iko juu, tano iko chini yake. Vyovyote nitakavyofanya kutoka saba kwenda tano ni kushuka. Basi ama wewe umekosea, ama kaka yako alikosea kuandika, na nyinyi wawili sijawahi kuwaona mkikubali kosa.

Ila kuna kitu nimekiona leo nikikifuta. Hilo ua limelika, limebaki kivuli. Palipolika ni pana, pa mviringo. Si alama ya kidole cha shahada, ni ya kidole gumba. Sasa kidole gumba si hukaa chini? Kimefikaje juu kwenye ua?

Wewe ulimwona akipiga. Alikuwa anakishikaje?

Wifi yako

17 Aprili

Wifi,

Habari za huko? Hapa tuko salama, na leo nimecheka peke yangu mbele ya visanduku mpaka mwenzangu akaja kuniuliza, nikamwonyeshea sikio langu kwamba sisikii. Nilikuwa nimesikia.

Kidole gumba. Wewe ni mjanja kuliko nilivyokudhania.

Baba alikuwa akipiga amekaa kwenye kiti, na sisi wawili tumekaa sakafuni mbele yake, tumemwelekea. Sauti nzito za baba zilikuwa kushoto kwake, yaani kulia kwetu. Hakuna aliyetufundisha. Siku baba akiwa kazini kaka alikichukua akakishika kama alivyokuwa akikiona, sauti nzito kulia. Kichwa chini, ua chini. Akazoea hivyo maisha yake yote, nami nikafundishwa na yeye hivyo hivyo. Baba alipogundua alisema acheni, anapiga vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo namba zake alihesabu kutoka kushoto kwake, kinanda kikiwa kichwa chini. Matundu ni kumi, basi saba yake ni nne yako. Tano yake ni sita yako. Alikuwa anapanda, wewe unateremka.

Usihesabu kitu. Kigeuze tu.

Wifi

20 Aprili

Wifi yangu wa pekee,

Hujambo? Mimi leo sijui kama sijambo.

Nilikigeuza. Nilikuwa stoo, nimekaa juu ya robota la taulo. 7, 6, 5, nikavuta 5. Wifi, alikuwa ananirudia nyumbani. Nilijua mpaka pa kuinuka. Katikati ya mstari wa pili miguu ilisimama yenyewe, mimi sijaiambia, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikiacha sufuria na kuelekea mlangoni. Nililia sana. Wenzangu wa chumba cha pasi walikuja wakasimama mlangoni na mashuka mikononi, hata msimamizi.

Nimeupiga mara thelathini tangu hapo. Sipigi kama yeye. Tundu la tano likinikamata pumzi linatoa mluzi. Lakini ni wenyewe.

Swali moja tu. Karatasi inaisha ghafla mwisho wa mstari wa nne, na wimbo unabaki umeinua mguu. Nimeikagua nyuma na mbele, haijachanika. Mwisho uko wapi?

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi tarehe 2 Mei nitakuwa kwako. Andaa sikio la kulia.

Wifi yako

27 Aprili

Wifi,

Salamu. Usije.

Sikio la kulia limeondoka Jumanne. Niliamka nikafungua bomba la maji, nikaona maji yanatoka kimya. Nilifikiri ni bomba. Nimekwenda kwa daktari, ameniandikia kwenye karatasi, na aliyoyaandika hayana la kuongeza.

Usijilaumu kwamba umechelewa, nakujua. Niliweka barua yako juu ya kabati wiki tatu, basi tugawane.

Mwisho unaoutafuta nitakupa. Nilikuwa nimekunyima kwa makusudi, ndiyo kisasi changu kidogo, na leo sina nguvu za kisasi. Karatasi ile alikuwa ananiandikia mimi. Sikio la kushoto lilipoanza nilimwomba aniandikie wimbo wa baba, nisije nikaupoteza. Akanipigia simu siku moja anacheka. Akasema, dada yangu, nimekwama, mwisho nimeusahau. Nikamwambia unausahauje na wewe unaupiga kila siku? Akasema, kila siku mke wangu ananifungulia mlango kabla sijafika. Miaka ishirini na kitu sijaupiga mpaka mwisho, na wala sijutii.

Nilikuwa nimwandikie mwisho, yeye auongeze, aniletee. Hakuwahi.

Mwisho ni huu, kwa hesabu yake: 6, 7 ya duara, 7. Taratibu. Ya mwisho ishikilie mpaka pumzi iishe.

Upige huko kwako. Mimi hapa hakuna cha kusikia.

Dada wa marehemu

4 Mei

Wifi,

Hujambo? Usinijibu, nitaona mwenyewe.

Nilikaa na barua yako siku nzima. Kwanza nililia, kwamba nilikuwa namkatiza kila siku na sikujua. Halafu nikasoma tena pale aliposema hajutii, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Ahsante kwa kuniambia. Ungeweza kukaa nalo.

Umeandika "dada wa marehemu" tena. Nimeliona, na sikubali. Nimelitoa mbali jina la wifi, silirudishi kwa sababu ya sikio.

Nakuja Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi. Sikuulizi. Nitasimama nje ya mlango wako. Sitagonga, maana kugonga hakukusaidii. Nitakiegemeza kinanda kwenye mbao za mlango, nitakandamiza, nitapiga. Nimejaribu hapa kwangu. Nikishika upande wa pili wa mlango jirani wa juu akipiga, mbao zinatetemeka kidogo chini ya kiganja, na kupuliza hakufanani na kuvuta. Ndiyo, jirani amenisaidia, naye sasa anataka cha kwake.

Wewe simama ndani, weka viganja vyote viwili juu ya mlango. Namba unazijua. Zifuate.

Na tazama uzuri wake: wewe hutasikia, kwa hiyo hutanifungulia mapema kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, mtu atafika mwisho.

Wifi yako, utake usitake

23 Mei

Wifi yangu,

Umefika salama? Mgongo vipi baada ya lile basi? Mimi sijambo, na nasema sijambo nikimaanisha.

Sikukwambia ulipokuwa hapa, kwa sababu tulikuwa tunaandikiana kwenye karatasi na karatasi zilikwisha kwa umbea. Nilikuwa nyuma ya mlango tangu saa mbili. Nilijiona mjinga, mtu mzima nimekumbatia mlango. Saa nne kamili ukaanza. Sikusikia kitu. Kwenye viganja kukawa na kama nyuki mmoja, anakuja, anakwenda. Nikahesabu. Saba, sita, tano, na ile ya kuvuta nikaijua, inawasha zaidi. Mstari wa nne ulipoisha ulinyamaza muda mrefu, nikadhani umesahau. Halafu sita, saba ya duara, saba. Ile ya mwisho uliishikilia mpaka nikaogopa utaanguka nje. Ndipo nikafungua.

Asubuhi yake ulipokuwa unaoga nilikichukua kinanda, nikakishika kichwa chini, nikakiuma kidogo kwa meno nikapuliza. Kulikuwa na kitu ndani ya taya. Sijui nikiite kusikia. Ila nilikijua kilikuwa cha baba. Nitapenda kujua ni nini, na itabidi nijaribu tena zaidi ya mara moja.

Ule msamaha ulionitumia Februari, nimeufikia. Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe tangu kwenye koki, nilikuwa nataka tu uhangaike.

Kuna jambo jingine. Umeondoka na kinanda kwenye mkoba, bomba lake umeliacha hapa. Nililiona mapema, ukiwa bado unavaa viatu. Nikataka kulitia kwenye mkoba wako, nikaona hapana, mambo ya kufungua mikoba ya watu tumeshayaacha. Kinanda bila bomba kwenye mvuke wa pale dobi hakimalizi mwezi. Kwa hiyo utalifuata mwenyewe, na usichelewe.

Ukifika usihangaike kupiga mlangoni. Uko wazi. Bomba limeuzuia.

Wifi yako